Nikibaki Nyumbani Kumuuguza Bibi, Je, Nimemwacha Mungu?



Likizo hii nikiwa parokiani, binti mmoja wa kwaya aliniuliza: "Frateri, tangu bibi aanguke siendi mazoezi, siendi semina, Jumapili nyingine hata Misa nakosa. Si ndiyo nimeanza kupoa kiimani hivyo?" Naona swali hili ni la wengi, hasa wasichana, maana majumbani mwetu mzee akidhoofika macho yote yanamgeukia binti. Basi leo liwe somo letu.

1. Neno la Mungu

Fungua Marko 7:9-13. Yesu anawakemea watu waliotangaza kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wao ni Korbani, yaani imetolewa kwa Mungu. Machoni pa watu hiyo ilikuwa ibada. Kwa Yesu ilikuwa kuitangua amri ya Mungu. Ona pia kwamba amri ya kuwaheshimu baba na mama hapa haihusu mtoto mdogo kutoa shikamoo. Inamhusu mtu mzima ambaye mzazi wake ana shida.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2218, inafundisha hivyo hivyo: watoto waliokua wana wajibu wa kuwasaidia wazazi kwa mali na kwa moyo, kadiri wawezavyo, katika uzee, ugonjwa, upweke na dhiki. Naye Yoshua bin Sira, sura ya 3, anataka tumvumilie mzazi hata akili zinapompungua. Bibi anayekuuliza jambo moja mara kumi kwa siku yumo ndani ya Maandiko.

2. Mtakatifu Thoma wa Akwino

Huyu si mtu wa kulaumiwa kwamba alipenda nyumbani kuliko wito. Alipojiunga na Wadominiko ndugu zake walimkamata mwaka 1244, wakamzuia nyumbani karibu mwaka mzima, naye hakubadili nia. Lakini katika Summa Theologiae anafundisha kwamba ikiwa wazazi wana uhitaji na hawawezi kutunzwa bila mtoto wao, mtoto huyo haruhusiwi kuwaacha akaingie utawani.

Kumbe alijua kutofautisha mambo mawili: matakwa ya ukoo na uhitaji wa mzazi. Ya kwanza unaweza kuyakataa kwa ajili ya Mungu. Ya pili ni Mungu mwenyewe anakuita. Kama utawa wenyewe unaweza kusubiri, sembuse mazoezi ya kwaya? Hujamwacha Mungu. Unamtumikia mahali alipokuweka.

3. Upendo wenye maarifa

Sasa jamani, upendo bila maarifa unaweza kuumiza. Shika haya machache:

- *Kuanguka.* Ondoa mkeka unaoteleza na ndoo njiani, kausha sakafu, acha taa au tochi karibu na kitanda. Choo kikiwa nje, usiku msindikize. Akiamka aketi kwanza kidogo ukingoni mwa kitanda ndipo asimame, kwani dawa nyingi za presha huleta kizunguzungu.
- *Maji.* Mzee hasikii kiu kama wewe. Mpe kidogo kidogo mchana kutwa, usingoje aombe, isipokuwa daktari amempangia kiasi.
- *Dawa.* Dawa ya presha haiachwi kwa sababu "leo najisikia vizuri". Siku ya kliniki beba dawa zote kwenye mfuko mmoja, na za mitishamba pia, daktari azione.
- *Vidonda vya kulala.* Asiyeweza kujigeuza mgeuze kila baada ya saa mbili hivi. Kagua visigino, nyonga na makalio. Ukiona wekundu au ngozi iliyobadilika rangi usipasugue. Usimlalie upande huo, na mwone mhudumu wa afya.
- *Akili.* Akichanganyikiwa ghafla, mwahishe hospitali. Huenda ni maambukizi au upungufu wa maji. Usahaulifu unaokua polepole nao una majina yake hospitalini. Si uchawi, na mzee asinyanyapaliwe.
- *Heshima.* Mfunike unapomwogesha. Mpe kazi anayoiweza: kuchambua maharage, kuongoza Rozari.

4. Mlete Yesu nyumbani

Mpako wa Wagonjwa si wa kukata roho tu. Mzee aliyedhoofika sana anaweza kupakwa hata kama hana ugonjwa mkubwa. Mwambie katekista au kiongozi wa jumuiya mapema, na omba aletewe Komunyo. Wengi hawajui kwamba sheria ya kufunga saa moja kabla ya kukomunika haiwabani wazee na wagonjwa, wala wanaowahudumia (kanuni ya 919). Kwa hiyo uji wa saa mbili usiwe sababu ya bibi kumkosa Bwana.

Na Misa ya Jumapili? Ikiwa mzee hawezi kuachwa peke yake na hakuna wa kukupokea, una sababu nzito, wala hutendi dhambi. Ila usilizoee hilo kimya kimya. Omba zamu.

5. Kwenu mlio mbali

Ukituma hela kwa simu umefanya vema, dawa zinanunuliwa. Lakini hela haimgeuzi mzee kitandani. Kaka, kumlisha na kumfulia babu hakukupunguzii uanaume. Njoo ushike wikiendi moja, dada yako alale, aende Misa, aungame. Nasi wanajumuiya, tusiishie kumwombea mgonjwa. Tuulize nani yuko naye Jumapili.

Kwa tafakari

1. Je, kuna Korbani maishani mwangu: jambo jema ninalolitumia kukwepa wajibu wa nyumbani?
2. Katika jumuiya yangu, ni mzee gani hajapokea Komunyo kwa muda mrefu?
3. Wiki hii nitampumzisha nani, siku gani, saa ngapi?

Tuombe: Ee Yesu, msalabani ulimkabidhi Mama yako kwa mwanafunzi uliyempenda. Utupe mikono yenye subira kwa wazee wetu, na uwatie nguvu wanaokesha nao usiku. Amina.