Popo wa Tucson: nisimame wapi, saa ngapi?

Swali: Agosti nitakuwa Tucson, Arizona. Nitawaonaje popo wakitoka jioni?

Jibu: Nenda kwenye daraja la Campbell Avenue, juu ya mto Rillito, ambao siku nyingi ni mchanga mtupu. Fika kabla jua halijazama, usimame pembeni, si chini ya daraja. Mchana popo hulala wamebanana kwenye mianya ya zege, inayotunza joto. Kwanza utasikia vijisauti vyembamba na kunusa harufu kali ya kinyesi chao. Kisha maelfu watamiminika kama moshi, wakiwinda nondo na wadudu wengine. Usiwamulike kwa tochi. Ukimkuta aliyeanguka, usimguse kamwe: huenda ana kichaa cha mbwa. Tulia, utazame, macho yatashiba.