Taa ya Maji ya Rejeta Inapowaka Ilhali Maji Yapo

Umetoka Ujiji asubuhi, umepita Mwandiga, na barabara imeanza kupanda kuelekea Kasulu. Mara taa ya tahadhari ya upungufu wa maji ya rejeta inawaka. Unasimama, unatazama: maji yapo. Fundi mmoja anakushauri ununue rejeta mpya, mwingine pampu ya maji. Kabla hujalipa, yafaa ujue kinachoiwasha taa hiyo.

Taa hufanyaje kazi?

Si kila gari lina taa hii, wala usiichanganye na taa ya joto la injini. Katika magari yenye taa hii, sensa huwekwa kwenye tangi la akiba au kwenye rejeta. Aina moja hutumia boya lenye sumaku: maji yakishuka, boya hushuka na swichi hubadilika. Aina nyingine hupitisha umeme mdogo majini kwa ncha za chuma. Boya likikwama kwa tope, ncha zikifunikwa na utando, au soketi ikishika kutu, taa huwaka bila sababu.

Wengi wetu huku mwambaoni hujazia rejeta maji ya ziwa. Maji ya Ziwa Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari, lakini yana madini yaliyoyeyuka, ambayo huacha utando ndani ya rejeta na juu ya sensa. Tumia kimiminika cha kupozea kilichotajwa katika kitabu cha gari.

Hatua za uchunguzi

1. Egesha gari mahali tambarare na usubiri injini ipoe kabisa. Usifungue kifuniko ingali moto. Mvuke na maji yanayoruka huunguza vibaya.

2. Tazama kiwango kati ya alama mbili za tangi la akiba. Kikiwa chini, taa imesema kweli: ongeza, kisha tafuta mahali panapovuja.

3. Weka alama kwa kalamu, ukague kila asubuhi kwa siku tatu. Maji yakipungua, kuna uvujaji hata kama huoni tone chini ya gari. Taa inayowaka mlimani tu huweza kuonyesha kwamba maji yamekaribia alama ya chini.

4. Maji yakibaki palepale na taa ikaendelea kuwaka, mwombe fundi asafishe soketi na sensa, kisha apime sensa na waya kwa mita ya umeme, kabla ya kununua kipuri chochote.

Tahadhari

Usikubali waya ukatwe ili taa inyamaze. Siku maji yatakapovuja kweli, hutaonywa. Wala usitegemee geji ya joto peke yake, kwa kuwa maji yakiisha kabisa huenda isisome sawasawa. Ukiona mvuke au geji ikipanda, simama na uzime injini.

Haki yako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji. Omba uonyeshwe matokeo ya kipimo, upewe kipuri kilichotolewa, na udai risiti. Ukipotoshwa, wasilisha malalamiko yako Tume ya Ushindani pamoja na risiti hiyo. Kusubiri siku tatu na kupima kwa mita hugharimu kidogo. Rejeta isiyohitajika hugharimu mengi, na taa itaendelea kuwaka.