Viwanja vya Makaa Vilivyofichwa na Msitu

Wasomaji wetu wengi wamepata kuona mahali palipochomwa makaa. Hata miaka ikipita na majani yakaota tena, udongo wa pale hubaki mweusi. Leo twataka kueleza jinsi wataalamu wa Marekani walivyopata mahali kama hapo zaidi ya 20,000 katika wilaya moja tu, tena kwa kutazama picha za ardhi zilizopimwa kutoka angani.

Wilaya hiyo ni Litchfield, katika jimbo la Connecticut. Apitaye huko leo huona msitu mkubwa, akadhani haukuguswa tangu zamani. Sivyo. Katika karne ya 18 yalijengwa matanuu ya kuyeyushia chuma karibu na mji wa Salisbury, na katika vita vya mwaka 1775 mpaka 1783, Waamerika walipopigana na Waingereza, mizinga ilisubiwa huko. Tanuu la chuma lataka makaa mengi mno, jambo ambalo wahunzi wa Upare na Buhaya walilijua vizuri. Basi miti ilikatwa, ikachipua katika visiki, ikakatwa tena. Baadaye chuma cha makaa ya mawe kutoka Pennsylvania kikawa rahisi zaidi, na tanuu la mwisho likazimwa mwaka 1923. Msitu ukarudi, ukafunika kazi yote.

Habari za wachoma makaa ni chache vitabuni, lakini kazi yao imeandikwa ardhini. Mchoma makaa alisawazisha uwanja wa mviringo, upana wake kama mita 8 mpaka 12. Penye mteremko alichimba upande wa juu, akajaza upande wa chini. Alisimamisha magogo mfano wa kichuguu, akayafunika kwa majani na udongo, akatia moto, akakesha karibu nao siku zipatazo 14. Moto ukitoboa kifuniko naye amelala, kuni zote huwa majivu, na taabu yake yote imepotea.

Chombo kinachofunua viwanja hivyo huitwa laida, nacho huchukuliwa na ndege. Hutupa chini mianzi ya nuru, maelfu mengi kwa sekunde moja, kikapima muda wa kila mwanzi kwenda na kurudi. Kwa kuwa nuru huenda kilometa 300,000 kwa sekunde, muda huo hueleza umbali. Mianzi mingine hugonga majani. Mingine hupenya hata ardhini, kama jua lipenyavyo katika paa la makuti mabovu. Ndiyo sababu jimbo zima la Connecticut lilipimwa mwaka 2016 kabla miti haijatoa majani mapya.

Kisha kompyuta huondoa vipimo vya miti, hubakiza ardhi tupu, huitia vivuli kana kwamba jua liko chini upande mmoja. Apitaye mchangani asubuhi huona kila unyayo kwa kivuli chake. Saa sita haoni kitu. Vivyo hivyo kiinuko kisichofika gotini huonekana wazi pichani. Mwaka 2014 Katharine Johnson na William Ouimet, wa Chuo Kikuu cha Connecticut, walitangaza kwamba kwa njia hii waliona kuta za mawe, misingi ya nyumba na barabara zilizoachwa ndani ya msitu. Viwanja vya makaa navyo vikahesabiwa, vingi vikiwa vimekaa makundi makundi, na njia nyembamba za magari ya ng'ombe na farasi zikiviunganisha.

Ramani hizo zatakiwa upesi. Mahali pajengwapo nyumba au barabara mpya, uwanja kama huo hufutwa kwa siku moja, na habari za aliyeufanyia kazi hazipatikani kwingine.

Lakini picha zaweza kudanganya. Uwanja wa mteremkoni huonekana upesi. Wa tambarare ni vigumu, maana una kijifereji tu kuuzunguka. Msingi wa kibanda, au shimo la mti uliong'oka, hufanana nao. Kompyuta zimefundishwa kuvitafuta, nazo zina haraka kuliko macho. Hata hivyo, kwa maoni yangu, hesabu ya karani asiyefika shambani haitoshi. Wataalamu huenda kwa miguu mpaka mahali penyewe, hufagia majani makavu, huchimba kidogo. Uwanja ukiwa wa kweli, hutoka udongo mweusi wenye vipande vya makaa, na kwa hadubini yaweza kujulikana kama mti uliochomwa ulikuwa mwaloni au mwingine.