PICHA ZA MAWENI ZINA WENYEWE



Siku moja darasani niliwaonyesha wanakisomo picha ya mwamba uliochorwa samaki. Mama mmoja, aliyejifunza kusoma mwaka ule ule, aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mwalimu, michoro hii ina mwenyewe?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Nilikwenda kutafuta. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mwamba ule uko Kakadu, katika nchi ya Australia. Australia iko mbali, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Kakadu ni hifadhi iliyo kaskazini ya nchi hiyo. Ukubwa wake ni karibu kilometa za mraba 20,000. Ni kubwa kuliko Serengeti. Ndani yake mna mito, mabwawa, misitu na majabali marefu. Katika majabali hayo mna picha za zamani. Sehemu zenye picha ambazo zimekwisha kuandikwa ni zaidi ya 5,000.

Waliochora ni wenyeji wa asili wa Australia. Walio kaskazini ya Kakadu hujiita Bininj. Walio kusini hujiita Mungguy. Wamekaa hapo tangu zamani sana. Wataalamu walichimba chini ya jabali liitwalo Madjedbebe. Mwaka 2017 walitangaza kwamba watu waliishi hapo yapata miaka 65,000 iliyopita. Walikuta mashoka ya mawe. Walikuta pia mawe ya rangi nyekundu yaliyokuwa yamesagwa.

Sasa tufuatane na mgeni anayekwenda kuona picha hizo.

Mgeni huanza safari katika mji wa Darwin. Kutoka hapo hadi mji mdogo wa Jabiru ni kama kilometa 250 kwa gari. Lazima achague majira. Kati ya Novemba na Aprili mvua ni nyingi, mito hufurika na barabara nyingine hufungwa. Kwa hiyo wageni wengi huenda wakati wa kiangazi. Tena, mgeni haogi mtoni hata jua likiwa kali namna gani. Mito ile ina mamba wakubwa, na mamba hao hula watu.

Kutoka Jabiru mgeni huenda Ubirr. Hapo mwamba umeinama kama paa la nyumba. Chini yake ukuta wote umejaa samaki. Mchoraji hakuchora magamba tu. Alichora na mifupa, na vitu vya tumboni, kama picha ya eksirei ya hospitali. Samaki huyo huitwa barramundi. Ni wa jamaa moja na sangara wa Ziwa Victoria. Mvuvi wa Mwanza akiiona picha ile hatauliza ni kitu gani. Atajua pia kwamba mchoraji alikuwa mtu aliyepasua samaki wengi kwa mkono wake.

Juu zaidi amechorwa mnyama mfano wa mbwa, mwenye michirizi mgongoni. Mnyama huyo alitoweka katika bara la Australia zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Picha yake imebaki. Na hapo hapo Ubirr yuko mtu aliyevaa shati na suruali, ametia mikono mfukoni. Huyo ni Mzungu. Wenyeji walimchora kama walivyomwona: amesimama tu, kama msimamizi anayengoja wengine wafanye kazi!

Rangi zilitoka ardhini. Mawe mekundu na ya njano yalisagwa yakachanganywa na maji. Udongo mweupe ulitumika, na makaa pia. Brashi zilitengenezwa kwa nywele, kwa majani membamba, au kwa magome yaliyotafunwa ncha. Pengine mtu aliweka kiganja juu ya mwamba, akapuliza rangi kwa mdomo. Alipoondoa mkono, alama ya kiganja ilibaki.

Usifikiri kazi hiyo ilikwisha zamani. Katika jabali la Burrungkuy mzee mmoja aitwaye Nayombolmi alichora katika majira ya mvua ya 1963 hadi 1964. Alichora wanaume na wanawake wamesimama pamoja. Baadhi ya wanawake hao wana maziwa matitini. Karibu nao yuko Namarrgon, bwana wa radi, mwenye mashoka magotini na viwikoni ya kupasulia mawingu. Nayombolmi alichora juu ya picha za zamani. Mgeni anaweza kudhani kwamba huko ni kuharibu. Kwa wenyeji sivyo. Kuchora upya ni kulifanya jambo liendelee kuwa hai. Lakini si kila mtu ana haki ya kufanya hivyo, na si kila hadithi husimuliwa mbele ya kila mtu. Hadithi nyingine ni za watu wazima wa ukoo tu. Mgeni hupewa sehemu yake, naye hutosheka nayo. Hagusi picha. Akitaka kuvuka mto East Alligator aingie nchi ya Arnhem Land, lazima apate kibali cha wenye ardhi.

Kilometa chache kutoka Burrungkuy kuna mahali paitwapo Koongarra. Chini ya ardhi yake mna madini ya urani. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1979, Koongarra iliachwa nje kwa sababu ya madini hayo. Mwenye kauli juu ya ardhi hiyo ni Ndugu Jeffrey Lee, mkuu wa ukoo wa Djok. Ukoo huo umebaki na watu wachache mno. Kampuni ilitaka kuchimba. Angekubali, angekuwa tajiri mkubwa. Naye hakuwa tajiri. Alikuwa mlinzi wa hifadhi, mtu wa mshahara. Alikataa. Mwaka 2011 alisafiri mpaka Paris, Ufaransa, kwenye mkutano wa UNESCO. Koongarra ikaingizwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2013 ikawekwa ndani ya hifadhi kwa sheria. Urani iko pale pale ardhini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini picha ya samaki wa Ubirr inaonyesha mifupa?
2. Nayombolmi alichora juu ya picha za wazee wake. Je, aliharibu au alitunza?
3. Ungekuwa wewe ni Jeffrey Lee, na watoto wako wanahitaji karo, ungeijibu nini kampuni?
4. Picha za miambani za Kondoa, hapa Tanzania, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Huko Kolo wenyeji bado hufanya matambiko kwenye miamba hiyo. Mgeni akifika huko, amwombe nani ruhusa?