Taa ya Injini na Pesa ya Pango

Baridi ya Januari gari langu lilianza kugoma. Napiga stata weee, ndipo liwake, na taa ya injini imekaa tu. Gereji moja wakataka pauni 160 wabadilishe sensa ya kamshafti, nami pango sijalipa! Nikaazima mashine ya kusoma hitilafu, nikaichomeka chini ya dashibodi: P0340.

Hapa wengi tunakosea. Namba hiyo yasema saketi ya sensa ina kasoro, haisemi sensa imekufa. Sensa yangu ni ya waya tatu: umeme, hasi na ishara. Nikachomoa soketi, nikafungua swichi bila kuwasha injini. Waya wa umeme ukasoma volti 5, sawa. Kwa hasi, unaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye waya wenyewe. Isome kama volti 12. Ikasoma sifuri. Kufuatilia, waya umesagika kwenye bano. Nikaunga, nikafunga tepu, nikafuta namba. Likawaka mara moja.

Kama vyote viwili vipo, rudisha soketi, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, mwenzio azungushe injini polepole kwa spana nawe ukipima ishara. Volti zisipopanda na kushuka, hapo ndipo ununue sensa. (Za waya mbili hupimwa vingine.)

Pango nililipa siku mbili baadaye.