Arabuni Si Faida: Somo kwa Vikundi Vinavyotoa Huduma za Sherehe

Katika toleo hili tunapenda kujifunza pamoja na kamati za sharika jambo linalovisumbua vikundi vingi vya uzalishaji mali katika Musoma, Bunda na Butiama, nalo ni fedha anayotoa mteja ili ashikiwe tarehe, na mteja anayefuta kazi siku ikiwa imekaribia. Somo linawahusu akina mama wanaopika kwenye harusi, sendofu na kipaimara, pamoja na vijana wanaokodisha maturubai, viti na vyombo vya muziki. Wote hawa huifuata kazi kwa mteja, na kwa hiyo hutumia fedha kabla ya kulipwa.

Fedha hiyo wengi tunaiita "advansi" au "kianzio". Kiswahili kina neno zuri zaidi, arabuni, ambalo wasomaji wa Biblia wanalijua kutoka Waefeso sura ya 1, mahali Mtume Paulo anapozungumzia Roho Mtakatifu. Lilikuwa neno la sokoni kabla ya kuwa neno la kanisani. Maana yake ni sehemu ya malipo inayotolewa mapema kuthibitisha kwamba ahadi ni ya kweli. Inamfunga anayetoa, na inamfunga anayepokea pia.

KWA NINI WATEJA HUFUTA?

Si kila anayefuta ni mkorofi. Sherehe zetu nyingi hugharimiwa na michango inayokusanywa na kamati ya harusi. Ahadi za michango huandikwa mapema, lakini fedha yenyewe huchelewa. Ikibaki wiki moja, kamati inagundua kwamba kilichoahidiwa hakijafika. Ndipo wageni 200 wanapogeuka kuwa 120, au kikundi kinapigiwa simu usiku kwamba chakula kitapikwa na ndugu.

Sababu nyingine ni misiba, mvua za masika zinazoharibu barabara za vijijini, na mapatano kuvunjika kati ya familia mbili. Tena sharika nyingi hazifungishi ndoa wakati wa Kwaresima, hivyo harusi husongamana baada ya Pasaka. Tarehe ya namna hiyo ikifutwa mwishoni, kikundi hakiwezi kuiuza tena, maana wateja wengine walishakataliwa.

TUCHUKUE MFANO

Kikundi cha Musoma kinakubali kupika Butiama kwa wageni 150, kwa shilingi 1,500,000. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila kikundi kiweke za kwake.

- Gari kwenda na kurudi: 150,000
- Mchele, mafuta na viungo: 350,000
- Nyama, mboga na matunda: 400,000
- Kuni na mkaa: 50,000
- Vibarua: 100,000

Jumla ya gharama ni 1,050,000, na faida inayotarajiwa ni 450,000. Mteja ametoa arabuni ya 100,000 tu. Anafuta jioni ya kuamkia sherehe, manunuzi yote yakiwa yamefanyika. Mchele, mafuta na kuni vitatunzwa kwa kazi nyingine. Lakini nyama na mboga za 400,000 zitaharibika, mwenye gari harudishi kianzio cha 75,000, na vibarua wanastahili angalau 50,000. Hasara ni 525,000. Nyama ikiuzwa haraka kwa majirani ikarudisha 150,000, na ile arabuni ikitumika, bado 275,000 zimepotea. Kazi inayofuata itatumia zaidi ya nusu ya faida yake kuziba pengo hilo. Na kama mtaji ulitoka kwenye mfuko wa mzunguko, kikundi kingine kinachosubiri zamu yake ndicho kitakachokosa.

ARABUNI IENDE NA GHARAMA

Tunashauri arabuni isiwe kiasi kimoja cha kubahatisha, bali ifuate hatua za matumizi:

1. Siku ya kushika tarehe: asilimia 10, yaani 150,000. Mteja akifuta zaidi ya wiki mbili kabla, kikundi kinabaki na hiyo tu. Tarehe ikipata mteja mwingine, arudishiwe.

2. Wiki mbili kabla: malipo yafikie nusu, yaani 750,000. Hapo ndipo unanunuliwa mchele na kulipwa kianzio cha gari. Mteja akifuta, kikundi kinakata ile asilimia 10 na kianzio cha gari, jumla 225,000, na kumrudishia 525,000. Asilipishwe mchele uliobaki stoo.

3. Siku tatu kabla: salio lote. Salio lisipofika, kikundi hakiendi sokoni kununua nyama. Kanuni hii moja ingezuia sehemu kubwa ya hasara ya mfano wetu. Mteja akifuta baada ya hapo, hasara halisi ikokotolewe mbele yake kwa stakabadhi, na kilichobaki arudishiwe.

Mteja akifiwa, tusiseme amefuta, tuseme ameahirisha. Arabuni yake ihamie tarehe mpya, naye achangie kile tu kilichoharibika. Na kikundi chenyewe kikishindwa kwenda, kirudishe fedha yote mara moja.

SHERIA INASEMAJE?

Vikundi vingine huandika kwamba arabuni "hairudishwi kwa sababu yoyote". Tuwe waangalifu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua fidia kwa aliyevunjiwa mkataba. Lakini kifungu cha 74 kinaeleza kwamba hata pale kiasi kilipotajwa kwenye mkataba, kinachostahili ni fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Na katika kupima hasara, kifungu cha 73 kinataka iangaliwe pia njia iliyokuwepo ya kuipunguza. Ndiyo maana tumesema nyama iuzwe, isiachwe ioze ili mteja adaiwe yote.

Mapatano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba, lakini ni magumu kuthibitisha. Karatasi moja inatosha: tarehe, mahali, idadi ya wageni, bei, hatua za malipo, na siku ya mwisho ya kupunguza idadi. Isainiwe na mtu anayejulikana, kwa mfano mweka hazina wa kamati ya harusi. Malipo ya simu yaingie kwenye namba ya kikundi, si ya mwenyekiti, na stakabadhi iandikwe hata kama ujumbe umefika.

Wengine huona haya kumwandikisha muumini mwenzao. Lakini karatasi hulinda undugu, kwa sababu ugomvi mwingi huanzia pale kila mmoja anapokumbuka jambo lake. Katika Luka sura ya 14 tunasoma habari za walioalikwa karamuni wakatoa udhuru wakati chakula kiko tayari. Udhuru wao ulikuwa na maelezo, lakini karamu ilikuwa imeshagharimiwa.

WAJIBU WA KAMATI

Hadi kazi ifanyike, arabuni bado ni deni kwa mteja. Kwenye daftari iandikwe "Arabuni za wateja", siyo "Mapato", na isigawanywe wala kukopeshwa wanachama. Kikundi kinachohesabu arabuni kama faida kitaonekana kwenye taarifa ya robo mwaka kimestawi, kumbe kinadaiwa. Wafadhili nao, wakisoma taarifa zetu, wana haki ya kuona tofauti hiyo.

Maswali ya kujadili

1. Katika kikundi chetu, gharama zisizorudi huanza siku ngapi kabla ya kazi?
2. Leo tukidaiwa arabuni zote tulizonazo, tunaweza kuzirudisha?
3. Nani atazungumza na mteja anayefuta, na kwa maneno gani?