Damu Haifundishi Kukaa

Mtoto akifanana na watu wa kwao, si kwa sura bali kwa mwenendo, kafanyizwa na damu au na malezi? Kwa kutazama tu huwezi kujua, maana waliompa damu ndio hao hao wanaomlea. Inabidi utafute jambo ambalo damu ingelipeleka huku na malezi yangelipeleka kule.

Jambo hilo lilipatikana Kenya. Tangu miaka ya 1950 wataalamu walikuwa wakiandika, baada ya kupima watoto wa Kampala, kwamba mtoto wa Kiafrika huwahi kukomaa mwili kuliko wa Ulaya. Wapo waliodhani ni maumbile. Mwaka 1976 mtafiti Charles Super akachapisha aliyoyaona Kokwet, kijiji cha Wakipsigis. Kweli, watoto wa huko walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya wenzao wa Marekani. Lakini tafakari: kama ni misuli iliyozaliwa imetangulia, ingetangulia katika yote. Katika kutambaa hawakutangulia.

Kwa nini? Kwa sababu kukaa kulikuwa na somo lake. Kishimo kifupi kilichimbwa, mtoto akaketishwa humo, nguo zikamkinga mgongo asianguke. Kutembea vilevile: alishikwa makwapa, akaongozwa hatua kwa hatua. Saa nyingi alizokuwa macho alizipitisha ameketi, mara nyingi mapajani mwa mtu. Kutambaa hakuna aliyekuona ni jambo la kufundisha. Super alipouliza katika jamii nyingine za Kenya, akakuta kwamba pale kina mama wengi waliposema wanafundisha kutambaa, watoto walitambaa mapema. Hapo dhana ya damu inakwama, kwa maoni yangu bila njia ya kutokea.

Hiyo ni misuli. Je, nafsi?

Wanasaikolojia wana kipimo chao: mtoto hubandikwa kikaratasi kwenye paji la uso bila kujua, kisha huwekwa mbele ya kioo. Akikigusa au kukibandua, husemwa anajitambua. Katika utafiti uliochapishwa 2011, kati ya watoto 82 wa Kenya, wenye umri wa miezi 18 hadi miaka 6, wawili tu ndio waliofaulu. Mtoto wa miaka sita asijijue? Haiwezekani. Wengi walisimama tuli wakijitazama. Watafiti wenyewe walieleza kwamba huenda mtoto alijiona vizuri, ila hakujua anaruhusiwa kufanya nini mbele ya mtu mzima. Alichokionyesha kile kioo ni adabu ya nyumbani, iliyokwisha kuwa sehemu ya nafsi yake kabla hajaweza kutaja ukoo wake.

Basi wewe muuguzi au mwalimu wa chekechea unayempima mtoto kwa jedwali lililotungwa ng'ambo, kabla hujaandika kwamba amechelewa, muulize mama yake: nyumbani kwenu mnamfundisha nini?